Niko Mstari Gani?



Mwezi wa tisa nilishuka Rumonge nikiwa na karatasi nne ambazo nilikuwa nikijivunia sana. Lilikuwa zoezi la somo la hesabu za uamuzi, na mwalimu alikuwa amelipa alama nzuri. Swali lake lilikuwa hili: ziwa lifungwe kwa wavuvi lini, na kwa muda gani, ili samaki watakaovuliwa kwa miaka inayofuata wawe wengi kadiri inavyowezekana? Mama mdogo anaanika ndagala pale mwaloni tangu kabla sijazaliwa, nikaona yeye ndiye wa kwanza kustahili kusomewa. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichagua mchele. Kisha akauliza: "Sasa mwanangu, mimi niko mstari gani?"

Nikatafuta. Kulikuwa na mstari wa samaki, wa mitumbwi, wa mafuta ya injini, na wa bei. Yeye hakuwemo.

Kwa ndugu wa Gitega na Ngozi ambao ziwa hawaliishi, nieleze kidogo. Tanganyika ni letu kwa sehemu ndogo tu, kama asilimia 8 ya maji yake. Sehemu kubwa iko Tanzania na Kongo, na kipande kingine Zambia. Mavuno ya ndagala na mukeke yamepungua, na nchi hizi nne zilikubaliana ziwa lipumzishwe kila mwaka kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Wavuvi wetu kupumzika wanakujua. Ndagala huvutwa na taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu taa hazifai kitu, kwa hiyo mitumbwi hukaa pwani siku kadhaa. Ndiyo maana wazee wengi wa mwaloni hufunga Ayyamul Bidh bila taabu: tarehe 13, 14 na 15 wako nyumbani hata hivyo. Lakini siku chache za mbalamwezi si miezi mitatu.

Hesabu niliyoitumia ina historia fupi na nzuri. Mwaka 1939, huko Leningrad, kiwanda cha mbao kilimwendea mwanahisabati kijana, Leonid Kantorovich, na tatizo la mashine: kazi gani ipewe mashine ipi ili mazao yawe mengi zaidi? Akatunga njia mpya ya kulitatua. Mwaka 1947, Marekani, George Dantzig akatoa njia ya haraka ya kutatua matatizo ya aina hiyo. Kantorovich alikuja kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1975. Umbo lake ni rahisi kulieleza hata kwa asiyesoma hesabu. Kuna lengo, yaani kitu unachotaka kiwe kikubwa au kidogo kabisa. Kuna masharti, yaani mambo usiyoruhusiwa kuyavunja. Ukishataja hayo mawili, hesabu inakutafutia jibu lililo bora kuliko yote.

Na inafaa kweli. Mtu akipita barabara ya taifa namba 3 kutoka Bujumbura kuja kwetu ataona michikichi pande zote. Matunda ya mchikichi yakishakatwa hayasubiri; yakikaa siku nyingi mawese yanaharibika ubora. Kinu kikae wapi ili mkulima wa mbali asifike na matunda yaliyoanza kuoza? Ni hesabu hiyo hiyo. Kisima kichimbwe mtaa gani, gari la chanjo lipite njia ipi, zahanati moja iliyopo bajetini ijengwe kilima kipi: yote haya huamuliwa kila siku, na mara nyingi huamuliwa kwa kujuana. Mimi nachagua hesabu kuliko kujuana. Ninasema hivi mapema ili nisidhaniwe kwamba nimekuja kuilaani elimu iliyonilisha.

Tatizo lilikuwa mahali pengine. Kuhusu samaki nilifuata kanuni ambayo Milner Schaefer aliitoa mwaka 1954. Ukivua kidogo unapata kidogo. Ukiongeza nyavu unapata zaidi, mpaka unafika kileleni. Ukipita hapo, kila wavu unaoongeza unapunguza mavuno ya kesho. Lengo langu lilikuwa kile kilele. Basi. Sikujiuliza kwa nini liwe hilo. Mwaka 1973 mwanahisabati wa Kanada, Colin Clark, alionyesha jambo la kutisha kwa kalamu hiyo hiyo: ukibadilisha lengo kutoka wingi wa samaki kuwa faida ya mwenye meli, na viumbe wenyewe wakawa wanaongezeka polepole kama nyangumi, jibu "bora" linaweza kuwa kuwaua wote leo na kuweka fedha benki. Hesabu haikukosea. Iliulizwa swali la mtu mwenye pupa, ikajibu swali lake.

Langu halikuwa swali la pupa, lakini lilikuwa na upofu wake. Zoezi langu lilionyesha kwamba miezi mitatu iliyopotea inarudi, na zaidi. Jumla inapanda. Nilimweleza mama mdogo hivyo, kwamba hasara yake ya Juni anailipwa Oktoba. Hakubishana. Alinionyesha tu ukuta wa nyuma ya nyumba, palipokuwa pakisimama chanja zake za waya. Aliziuza mwezi wa saba, ili watoto wale. Ziwa lilipofunguliwa Agosti ndagala walikuja, na kina mama wengi walifurahi, lakini yeye hakuwa na pa kuanikia. Sasa anawaanikia wengine kwa kibarua cha siku.

Ndugu msomaji, nakuomba usimame hapa kidogo. Jumla ilipanda kweli. Mama mdogo alishuka kweli. Mambo hayo mawili hayapingani, kwa sababu jumla haisemi nani. Aliyelipa Juni na aliyepokea Oktoba wanaweza kuwa watu wawili wasiojuana.

Wanauchumi wamelijua hili zamani. Mwaka ule ule wa 1939, Nicholas Kaldor na John Hicks, kila mmoja kwa maandiko yake, walipendekeza kipimo ambacho bado kinafundishwa: mpango ni mzuri ikiwa waliofaidika wangeweza kuwafidia waliopata hasara na bado wabaki na faida. Wangeweza. Si lazima wafidie. Nilipokisoma mwaka wa pili nilikiona cha busara. Sasa najiuliza ni nani kati yetu angekubali deni lake lilipwe kwa kuambiwa kwamba mdaiwa ana uwezo wa kulipa.

Ijumaa nikiwa bado nyumbani, khatibu mmoja alizungumzia wanaovua kwa siri wakati ziwa limefungwa, akawafananisha na watu wa Sabato, wale wa mji wa pwani wanaotajwa katika Suratul A'raf. Kisa kinajulikana: walikatazwa kuvua siku ya Sabato, samaki wakawa wanawajia siku hiyo hiyo wakionekana wazi, na siku nyingine hawaji, nao wakavunja amri. Ni mfano unaouma ukiwa umekaa msikitini mita chache kutoka majini. Na kwa upande mmoja khatibu ana haki: makubaliano ni makubaliano, na anayevua usiku anaiba cha wenzake waliotii. Lakini mfano una mpaka. Amri ile ilitoka kwa Mwenyezi Mungu, nayo ilikuwa siku moja katika wiki. Hii ni rai ya wataalamu, ni miezi mitatu, na rai ya wataalamu inaruhusiwa kuulizwa. Tena ziwa lenyewe linalalamikia zaidi ya nyavu. Utafiti wa Catherine O'Reilly na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba maji ya juu yamepata joto, hayachanganyiki na ya chini kama zamani, na chakula cha samaki kilichoko kilindini hakipandi. Walikadiria kwamba hilo peke yake limepunguza mavuno kwa kama asilimia 30. Joto hilo mama mdogo hakulileta. Anaombwa alipie sehemu ya kosa lisilo lake, na anayelipia kosa lisilo lake ana haki zaidi ya kuulizwa hali.

Je, ningemwingizaje katika zoezi? Wazo la kwanza lilikuwa kumwongeza katika lengo: tani za samaki, jumlisha kipato cha waanikaji, halafu tafuta kilele. Nikajaribu. Likawa lile lile, kwani chochote kinachoingia katika jumla kinaweza kununuliwa na kingine kilichomo. Samaki wakizidi vya kutosha, njaa yake inafutika kwenye karatasi. Hapo ndipo nilipokumbuka darasa la mirathi.

Neno algorithimu linatokana na jina la Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad zama za Khalifa Al-Ma'mun, mwanzoni mwa karne ya 9. Hilo tunalisema kwa fahari kila wiki ya sayansi. Tunasahau kwamba kitabu chake cha al-jabr kina sehemu kubwa kabisa inayohusu wasia na mirathi. Mirathi ni hesabu ya namna ya pekee. Hakuna anayeuliza ni mgawo gani utaongeza utajiri wa ukoo, ingawa pengine shamba lingezaa zaidi likipewa kijana mmoja mwenye bidii. Haki ya mama, ya mke, ya binti imetangulia. Hesabu inakuja baadaye, ikiwa mtumishi. Kwa lugha ya Kantorovich, haki hizo ziko upande wa masharti. Hazimo katika lengo, kwa hiyo haziuziki.

Nikarudia zoezi. Nikaandika sharti: hakuna nyumba ya mwaloni itakayoshuka chini ya kiasi fulani cha chakula katika mwezi wowote wa kufungwa. Kisha nikaacha hesabu itafute kilele chini ya sharti hilo. Jibu lilibadilika. Likataka sehemu ndogo ya kila shehena iwekwe akiba miezi ya mavuno, ya kuwalisha wa nchi kavu ziwa likifungwa. Na hapa kuna jambo ambalo wenzangu wa fani nyingine wanastahili kulijua: kwa kila sharti, hesabu inakupa pia namba moja ya ziada inayosema sharti hilo limekugharimu kiasi gani cha lengo. Yaani inakuambia waziwazi haki ya mwanikaji inapunguza kilo ngapi. Uamuzi wa kulipa au kutolipa haukufanyii. Sijui chombo kingine kinachomnyima mpangaji kisingizio kwa adabu namna hiyo.

Rafiki yangu wa idara ya uchumi alinipinga vizuri. Alisema: kila mtu akidai sharti lake, masharti yatazidi ziwa, na hesabu itarudisha neno moja, haiwezekani. Ni kweli, na inatokea. Lakini hata hili lina mfano katika mirathi. Mtu akifa akaacha mke, mabinti wawili, baba na mama, mke ana thumuni, mabinti theluthi mbili, na kila mzazi sudusi. Jumlisha: 27 juu ya 24. Mali haitoshi. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Ali (r.a.) aliulizwa suala hili akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui, yaani 3 juu ya 27. Hii ndiyo 'awl: kila fungu linapungua kwa uwiano, hakuna jina linalofutwa. Ibn Abbas (r.a.) hakukubaliana nayo, yeye aliona baadhi ya warithi watimiziwe na upungufu uwaangukie wengine. Mimi si mwanachuoni, na sifanyi qiyas ya ndagala juu ya mirathi. Ninachokiona ni kwamba swali la nani abebe upungufu liliulizwa hadharani, kwa majina, na Maswahaba wakatofautiana juu yake wazi. Katika karatasi zangu nne upungufu ulikuwa umebebwa na mtu ambaye hakuandikwa, na kwa hiyo hakuna aliyehitaji kutofautiana na yeyote.

Nilimsomea mama mdogo toleo la pili. Safari hii alikuwa na mstari wake. Akauliza ile akiba nani ataishika, swali ambalo hisabati haina la kusema juu yake na yeye ana mengi. Halafu akauliza kuhusu vijana wanaopakua mitumbwi alfajiri, wanaolipwa kwa bakuli la ndagala. Wako wangapi? Nikasema nitatafuta takwimu. Akacheka.

Nimeuliza tangu wakati huo, na sijakutana na mtu aliyewahi kuwahesabu. Likizo ijayo nitakaa mwaloni wiki mbili na daftari, kuanzia baada ya swala ya alfajiri, mitumbwi inapoingia. Ndugu wawili wa jumuiya yetu wamesema watakuja. Mwenye nafasi ya kulala Rumonge na asiyeogopa harufu ya samaki anikute baada ya darsa ya Alhamisi.