Nani Achague?

Miaka michache iliyopita tuliitwa kwenye kikao cha ukoo katika nyumba moja nje ya mji wa Shinyanga. Mwenye nyumba ni mwalimu mwenzetu, tuliyefundisha naye chuo kimoja cha ualimu hata tukastaafu. Kijana wake alikuwa mchimbaji mdogo huko Geita, mtu wa maduara, aliyechenjua dhahabu kwa zebaki miaka mingi. Figo zake zilikuwa zimeshindwa kazi. Ilimpasa kwenda Mwanza, mwendo wa kilometa 160 hivi, damu yake ikasafishwe kwa mashine, kila mara kwa muda wa saa nne. Na bima hakuwa nayo. Ng'ombe wakawa wanauzwa mmoja mmoja.

Siku ile mjomba wake alileta habari iliyotufurahisha. Yuko mfanyabiashara anayeuza mashine ya kusafishia damu nyumbani. Je, baba atoe kiinua mgongo chake, shamba la mama liuzwe, mashine inunuliwe? Tulijadiliana tangu asubuhi mpaka jua likapinduka. Sisi wenyewe tulisema sana, kama ilivyo desturi ya walimu, tukishauri inunuliwe. Mgonjwa alikuwa amelala chumba cha pili, wala hapana aliyekwenda kumwuliza.

Jambo hilo limetusumbua tangu siku ile. Husemwa siku hizi kwamba mgonjwa ana haki ya kuchagua matibabu yake. Ni neno jema. Lakini kuchagua ni nini hasa?

Tutazame kwanza historia. Mwaka 1960, katika mji wa Seattle huko Marekani, Daktari Belding Scribner alibuni mpira wa kuachwa mkononi mwa mgonjwa, ili damu iweze kutolewa na kurudishwa mara nyingi. Watu waliokuwa wafe sasa waliweza kuishi. Lakini mashine zilikuwa chache, basi ikaundwa kamati ya watu saba, mchungaji akiwa mmojawapo, ili kuamua nani atibiwe. Wakapima kazi ya mtu, idadi ya watoto wake, hata mahudhurio yake kanisani. Mwaka 1964 msichana mmoja wa shule hakupata nafasi. Ndipo mhandisi Albert Babb na wenzake wakamtengenezea mashine ya kutumia nyumbani kwao. Hivyo moja ya mashine za kwanza za nyumbani ilizaliwa kwa sababu mlango wa hospitali ulikuwa umefungwa. Haikutoka katika tamaa ya faida.

Biashara ilikuja baadaye. Serikali ya Marekani ilipoanza kulipia matibabu haya mwaka 1973, karibu wagonjwa 40 katika kila 100 walikuwa wakisafishiwa damu nyumbani. Kisha vituo vya kulipwa vikaongezeka, na wa nyumbani wakapungua sana. Sababu zilikuwa kadhaa, maana wagonjwa wazee nao waliongezeka. Lakini fedha ilikuwa mojawapo. Mwenye kituo hupata faida kiti chake kikikaliwa. Mwenye kuuza mashine hupata faida ikitoka dukani. Kila mmoja atamwambia mgonjwa, "Chagua," na kila mmoja atamwonyesha mlango wake tu.

Je, tuseme basi kwamba kufanya biashara kwa ugonjwa wa mtu ni dhambi? La hasha. Yule Msamaria mwema alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, na hatujasikia kwamba huyo alilaumiwa kwa kuzipokea. Alilipwa kwa kazi ya kweli. Lawama huja pale muuzaji anapoificha nusu ya habari.

Na nusu iliyofichwa ni hii. Mashine ya kawaida hutumia lita 120 hivi za maji kwa mara moja, yaani madumu sita ya lita 20, tena maji yaliyosafishwa kwa mtambo maalumu. Umeme usikatike katikati. Yuko mtu wa kuchoma sindano, na mtu huyo mara nyingi ni mke. Kazi iliyokuwa ya muuguzi huhamia nyumbani bila mshahara. Kadhalika iko njia nyingine isiyohitaji mashine: mgonjwa hutiwa maji maalumu tumboni kwa mpira, mara nne hivi kwa siku, nayo hutoka na uchafu. Hong Kong wameitanguliza njia hiyo tangu mwaka 1985. Kwetu ni adimu, nayo hutaka usafi mkubwa na mifuko ya maji isiyokosekana. Lakini katika kikao chetu hata kutajwa haikutajwa, maana yule mfanyabiashara hakuwa akiiuza.

Hatimaye bibi yake kijana, mama mzee asiyejua kusoma, aliuliza, "Mwenye ugonjwa amesemaje?" Tukanyamaza wote. Akaletwa, akakalishwa kwenye mkeka. Alisikiliza, kisha akauliza maswali matatu. "Maji atateka nani? Sindano atanichoma nani? Na nikifa, deni atalipa nani?" Hakuna aliyeweza kujibu. Akasema mashine isinunuliwe. Ataendelea kwenda Mwanza kwa fedha iliyopo, ila shamba la mama yake lisiguswe, maana lina watoto wake wa kulishwa.

Alifariki kabla ya mavuno.

Wako watakaosema kwamba maskini hachagui, umaskini ndio uliomchagulia. Yamo mengi ya kweli katika neno hilo. Wakati ule, kwa shilingi laki mbili hivi kila mara, na mara tatu kwa juma, gharama ilipita milioni 31 kwa mwaka. Ni nani katika vijiji vyetu mwenye zizi la kutosha? Lakini twaona hapa kuna mambo mawili, yasichanganywe. Wembamba wa milango ni deni letu sote: ndiyo maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 yatupasa tuiangalie itekelezwe, na wachimbaji wetu wafundishwe madhara ya zebaki kwa figo. Lakini kupita mlango huu au ule ni haki ya mgonjwa, hata milango ikiwa miwili tu na yote myembamba. Tukimnyang'anya hiyo kwa kuwa ni maskini, tumemfanya maskini mara ya pili.

Kwa hiyo, ndugu, mkiitwa kwenye kikao cha namna hii, na mara nyingi wazee wa kanisa huitwa, ulizeni kwanza mgonjwa amelala chumba gani. Nendeni mkaketi naye huko, mkiwa na habari zote, za kufurahisha na za kuhuzunisha. Sisi tulichelewa, na bibi asiyejua kusoma ndiye aliyetufundisha.