Moshi wa nani?



Tarehe 7 Juni 2023 anga la New York liligeuka rangi ya chungwa mchana kweupe. Watu walirudisha barakoa usoni, na mjini hakukuwa na moto wowote. Moto ulikuwa Canada, kwenye misitu ya Quebec, mamia ya kilomita kutoka pale. Wala hakuna aliyehitaji kubahatisha, kwa sababu setilaiti zilikuwa zimeupiga picha moshi ukitoka msituni, ukishuka kusini, ukiingia mjini. Mwezi huohuo moshi wa Canada ulivuka Atlantiki ukafika Ulaya.

Si muujiza. Terra na Aqua, setilaiti za NASA, kwa zaidi ya miaka 20 zimekuwa zikipita juu yetu karibu kila siku, zikinasa joto la moto na utando wa moshi. Nyingine, kama Meteosat, hukaa kana kwamba zimesimama juu ya Afrika na kutuma picha kila robo saa au hata mapema zaidi. Zipange picha hizo kwa mfululizo, utauona moshi ukitembea. Ongeza takwimu za upepo, unaurudisha nyuma mpaka ulikotoka.

Sasa hebu tufungue Kitabu cha Kutoka, sura ya 22. Mtu akiwasha moto, ukashika miiba na kuteketeza nafaka ya mwenzake, aliyewasha alipe. Safi kabisa, kwa sababu majivu yana shamba na shamba lina mwenyewe. Lakini moshi je? Tangu zamani moshi ukishavuka kilima si wa mtu tena. Nani angeweza kumwambia mwenzake, "Kikohozi cha mwanangu kimetoka shambani kwako"?

Katekisimu inafundisha kwamba kutojua kunaweza kumpunguzia mtu lawama, ila si pale ambapo angeweza kujua akapuuza. Hapo ndipo setilaiti inapotubana. Septemba 2000, watafiti wa mradi wa SAFARI 2000 waliona mkanda mkubwa wa moshi kusini mwa Afrika, ukitoka pande za Zambia na Angola hadi Bahari ya Hindi. Wakauita mto wa moshi. Moto mwingi wa huko huwashwa na binadamu, kusafisha shamba au kuchipuza nyasi za mifugo. Mkulima aliyewasha mabua yake aliona kamoshi kake tu, mto hakuuona. Je, ametenda dhambi?

Mimi nasema hapana. Hawezi kudaiwa kitu ambacho hakuna aliyemwonyesha. Na wale wanaopenda kunyooshea kidole vitone vyekundu kwenye ramani wananikera kidogo: kitone hakisemi kama mtu huyo ana trekta au ana jembe na kiberiti tu. Hakisemi hata kama kuna mtu, maana moto mwingi wa Quebec ule wa Juni ulianzishwa na radi. Picha ya kutoka juu, peke yake, haisemi pia kama moshi uko kilomita tatu angani au uko puani mwa mtoto. Hilo hupimwa huku chini.

Ila deni halijafutika, limehamia kwa anayeona. Ramani za moto za NASA ziko wazi, bure, kwenye simu hiyohiyo uliyoshika. Yule tajiri wa Injili hakumpiga Lazaro hata kofi. Alikuwa naye mlangoni kila siku, akaendelea na karamu. Mamlaka ikiwa na picha tangu asubuhi kwamba moshi unaelekea wilaya fulani, ambako kuna bibi mwenye pumu, kumtangazia redioni afunge madirisha ni hisani au ni haki yake? Naona ni haki yake, kama mwenye nafaka alivyokuwa na haki ya kulipwa.

Na yule mkulima naye aonyeshwe picha. Lakini anayempelekea amwambie pia atasafishaje shamba kabla ya mvua bila kiberiti, na gharama ataibeba nani.