Geuka Kidogo Kuelekea Dirishani

Mwanamke ambaye alipozaliwa aliandikwa mvulana, au mwanamume anayevaa gauni Jumamosi na Jumatatu akarudi ofisini na tai yake, akitaka picha nzuri ataambiwa mambo yaleyale. Simama karibu na dirisha, mwanga ukujie kwa mbele, kwa sababu taa ya juu huchonga taya na kuchimba macho. Kamera ikae mbali hatua tatu au nne, kisha mpiga picha avute kwa lenzi. Simu ikiletwa karibu sana, pua hukua na masikio yakarudi nyuma. Usisimame kifua mbele kama askari wa gwaride. Geuza mabega kidogo, uzito uuweke kwenye mguu wa nyuma. Kivuli cha ndevu hakifichwi kwa poda nyingi: kwanza unapaka rangi ya chungwa kwa wepesi, ile inauzima ule ubuluu, ndipo upake rangi ya ngozi yako juu yake. Koromeo likikusumbua, funga skafu. Mikono usiikunje ngumi. Ipe kitu chepesi cha kushika.

Haya nayajua kwa sababu mwishoni mwa wiki ninapiga picha ili nilipe kodi ya chumba, na siku nyingine ninasomea shahada ya uzamili ya falsafa hapa Nairobi. Darasani tulitumia wiki mbili tukibishana kama picha inaweza kusema uongo. Nilikaa kimya muda mwingi, si kwa unyenyekevu, bali kwa kuwa nilikuwa nikiwakumbuka mabibi harusi wangu. Kila mmoja nimemwambia ainue kidevu, ageuze mabega, alainishe vidole. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizwa kama anamdanganya mtu.

Swali basi si kama pozi ni uongo. Swali ni kwa nini pozi lilelile, mwanga uleule na rangi ileile vikiwa vya mtu mmoja huitwa urembo, na vikiwa vya mwingine huitwa udanganyifu.

Nilianza kulifikiria vizuri nilipokutana na picha za Casa Susanna. Katika miaka ya 1950 na 1960, kwenye milima ya Catskills, kaskazini mwa jiji la New York, kulikuwa na nyumba za mapumziko ambako watu wazima wenye kazi, wake na watoto walikwenda kukaa siku mbili tatu wakiwa na majina ya kike na nguo za kike. Mwenyeji wao alijiita Susanna Valenti. Mkewe Marie alikuwa na duka la mawigi Manhattan, na wateja wa duka wengine wakawa wageni wa nyumba. Susanna aliandika pia safu katika Transvestia, jarida dogo lililoanzishwa na Virginia Prince mwaka 1960, likisafiri kwa posta kwa wanachama waliotawanyika nchi nzima. Safu hiyo ilijaa nasaha kwa wasomaji wake, na jarida lilichapisha picha ambazo wasomaji wenyewe walituma.

Hawakuwa wakicheza. Jimbo la New York lilikuwa na sheria ya mwaka 1845 iliyokataza mtu kujigeuza sura hadharani, na polisi waliitumia kuwakamata wanaume waliovaa magauni. Chanzo cha sheria hiyo kinanichekesha kila nikikikumbuka. Ilitungwa kuwazuia wakulima walioasi kodi za mabwana ardhi, ambao walikuwa wakivaa vinyago na magauni ya kaliko wasitambuliwe na watoza kodi, na sehemu ya uasi huo ilikuwa kwenye milima hiyohiyo ya Catskills. Serikali ilipiga marufuku gauni la mkulima, na miaka mia moja na zaidi baadaye likamnasa karani wa Manhattan.

Ndiyo maana kamera ilikuwa na uzito. Filamu ilipelekwa kusafishwa dukani, na mtu wa dukani ana macho na ana mdomo. Kamera ya Polaroid, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, ilitoa picha mkononi mwako papo hapo bila kupitia kwa mtu. Kuna picha moja ya kundi lao ninayoipenda kuliko zote: wamevaa vizuri, na karibu kila mmoja ana kamera yake, wanapigana picha. Anayetazama anatazamwa. Hakuna aliyekaa nje ya mchezo kama hakimu.

Hapa niseme jambo kuhusu lugha. Mwandishi wa Kiingereza akimsimulia Susanna lazima achague kila sentensi: ni mwanamume au ni mwanamke? Mimi naandika alikuja, alicheka, alimpenda mkewe, na Kiswahili hakiniulizi kitu. Nisijisifu mapema lakini. Lugha yetu inangoja kwenye kona nyingine: kaka au dada, Bwana au Bi, mjomba au shangazi. Kiambishi hakina jinsia, ila salamu mara nyingi inayo. Tunaweza kumsimulia mtu kurasa kumi bila kumuumiza, kisha tukamuumiza kwa neno moja tukikutana naye mlangoni.

Mwenzangu mmoja darasani, mwanamke ninayemheshimu kwa ukali wa akili yake, aliziona picha hizo akaguna. Aproni, lulu shingoni, magoti yamebanwa pamoja, sinia la chai. Alisema hawa wameutazama ufungwa wa mama zao jikoni, wakauita uhuru. Hoja hiyo si nyepesi. Mwanamke wa Marekani wa miaka ile hakulivua aproni lake Jumapili jioni na kurudi kwenye mshahara wa mwanamume. Kundi lenyewe pia lilikuwa na milango yake: Prince alisisitiza kwamba jarida lake ni la wanaume wanaopenda wanawake, na mashoga aliwaweka nje. Walioonewa nao walijua kuonea.

Hata hivyo, hoja ya mwenzangu inadai kitu ambacho yeye mwenyewe hajadaiwa. Inamtaka mgeni wa Casa Susanna avumbue uanamke mpya, safi, usio na deni kwa jikoni la mtu. Sisi wengine tuliupata wapi? Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Kwetu msichana anayeolewa hupewa somo, mwanamke mzima ambaye kazi yake ni kumfundisha jinsi ya kuwa mwanamke mbele ya watu na faraghani. Anasuguliwa singo, anapakwa hina, anafukizwa udi, anafundishwa kukaa, kutembea, kuinamisha macho na wakati wa kuyainua. Dada yangu alifundishwa siku kadhaa, na akatoka akilalamika kwamba kuketi vile kunamuuma mgongo. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa amefundishwa, basi si wa kweli. Kinyume chake: tulisema sasa amekuwa. Kama kufundishwa ndiyo dalili ya uongo, basi pwani nzima tumekuwa tukioza waongo.

Sisemi kwamba mafunzo yote ni mema. Mengine ni minyororo yenye manukato. Ninachosema ni kwamba ubaya wake hauanzi pale anapoyashika mtu ambaye hukumtarajia.

Sasa nimfikie rafiki yangu, ambaye sitamtaja hata kwa herufi. Ni mwanamke aliyebadili jinsia, ananizidi miaka minne, na mimi humwita dada. Ana picha mbili. Moja iko kwenye kitambulisho chake: taa ya juu, ukuta mweupe, nywele fupi, uso wa miaka kumi iliyopita. Ya pili niliipiga mimi kando ya dirisha, kwa hila zote nilizozitaja hapo juu. Mwaka jana alikwenda kwa wakala wa pesa mtaani kutoa alizotumiwa na mamake. Kijana wa pale akatazama kitambulisho, akamtazama yeye, akatazama tena kitambulisho. Akasema huyu si wewe. Akaita na wenzake waje watazame. Dada aliondoka bila pesa, na kwa wiki kadhaa akawa anazunguka mbali ili asipite njia ile.

Ipi kati ya picha hizo mbili inadanganya? Ile ya serikali haikuongezwa rangi wala kivuli, lakini haimtambulishi tena mtu wake. Ile yangu imepangwa kuanzia vidole hadi kope, lakini ukimtafuta sokoni ukiwa nayo utampata. Sina hakika darasa letu la maadili lingepoteza wiki mbili kama lingeanzia kwa wakala yule.

Mahakama, kwa kiasi fulani, imeliona tatizo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua katika kesi ya Audrey Mbugua kwamba Baraza la Mitihani limpe cheti cha sekondari chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Alama za masomo yake hazikubadilika. Hesabu ni hesabu, aliyeifanya akiitwa jina hili au lile.

Kinachonisumbua zaidi ni jambo jingine. Picha za Casa Susanna hazikuletwa kwetu na wenyewe. Zilikutwa Manhattan kwenye soko la vitu kuukuu, zikanunuliwa, zikachapishwa kitabu mwaka 2005 wakati majina ya wengi waliomo hayakujulikana. Nyingine sasa ziko katika jumba la sanaa la Ontario, Kanada. Zimeoneshwa Arles, Ufaransa, mwaka 2023, na baadaye katika jumba la Metropolitan, New York. Baadhi ya wageni waliokuwa hai walijitokeza kusimulia, na ninawashukuru. Lakini vipi yule aliyepiga picha ile moja tu, akaificha chini ya soksi kwenye droo, akafa akiamini mkewe hatajua? Alikuwa amechagua watazamaji wake. Walikuwa wanane, kumi. Mimi si mmoja wao, na nimezitazama kila usiku kwa muhula mzima.

Kuna jibu la haraka: bila soko lile tusingejua kwamba walikuwepo, na kijana wa leo angeambiwa kwamba hali yake ni fasheni ya juzi. Jibu hilo ni la kweli na bado halinitoshi. Manufaa yangu hayageuki kuwa idhini yake.

Nilimuuliza dada kuhusu hili tukiwa tunachagua zipi zibaki na zipi zifutwe, maana baada ya kila kikao tunafuta nyingi. Hakuna inayokaa kwenye simu yangu. Zinazobaki anazichapisha karatasini, na anazihifadhi kwenye bahasha ndani ya mfuko wa unga mtupu.

"Nikifa," akasema, "wewe ndiye utakayezikuta."

Nikamuuliza nizifanye nini.

Alifikiri kwa muda, akiwa ameshika ile ya dirishani kwa ncha za vidole. "Hii mpe mama," akasema. "Hizi nyingine choma. Na hii mama akiikataa, usimlazimishe. Kaa nayo wewe."

Nimeandika maagizo hayo kwenye daftari, pamoja na tarehe.