Juu ya Kutunza Nyumba na Mifugo ya Jirani

Huku Malolo, kama katika vijiji vingine vya Ruangwa na Nachingwea, wako watu ambao mashamba yao yako mbali na nyumba zao. Mvua zikianza huhamia mashambani, wakakaa dunguni kuyalinda mahindi na nguruwe na nyani. Nyumba hubaki kijijini, nayo huwekwa mikononi mwa jirani, pamoja na kuku na mbuzi. Basi twauliza: Jirani huyo amejifunga kwa wajibu gani? Hasara ikitokea, je, imempasa kulipa?

Swali hili si geni. Torati, katika Kutoka sura ya 22, yapambanua mambo haya. Mnyama wa amana akiibiwa, mlinzi hulipa. Akiraruliwa, naye mlinzi akaleta ushahidi, halipi. Akifa pasipo mtu kuona, mlinzi huapa mbele za Bwana, na mwenye mali hana budi kukikubali kiapo kile.

Wengine husema, "Mimi sikupewa mshahara, nimefanya hisani tu, basi nisidaiwe." Neno hili lina haki kidogo, lakini halitoshi. Maana ni kwa ajili ya ahadi yako mwenye mali aliacha kumtafuta mlinzi mwingine. Tena, jembe lililowekwa amana halina kiu. Ukilisahau siku tatu, utalikuta palepale. Mbuzi aliyefungwa kambani hawezi kungoja. Yeye hajui kama wewe ndiwe bwana wake au siwe. Ajua tu kwamba maji hayakuja.

Huko Uingereza wako watu ambao, wakisafiri, huweka mtu akae nyumbani mwao pasipo mshahara, awatunze mbwa na paka wao. Na sheria ya huko ya mwaka 2006 yamtia katika wajibu hata yule amtunzaye mnyama kwa muda tu, wala si mwenyewe peke yake. Nasi tulifundishwa vivyo hivyo tangu zamani. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aonyesha ya kuwa amri ya saba haikatazi wizi tu, bali yatuagiza kumsaidia jirani mali yake isitawi na kuhifadhiwa. Basi mlinzi asiyekula hata yai moja aweza bado kuwa hakuitimiza amri.

Lakini mdondo ukiingia, huweza kuwamaliza kuku wote kwa siku chache, hata mlinzi awe mwaminifu namna gani. Hapo wote wawili hujaribiwa: mlinzi kuficha, na mwenye mali kushuku. Mlinzi na apeleke habari upesi, hata shambani, asingoje kuulizwa. Na mwenye mali, akiisha kuambiwa kweli, aipokee, wala asidai malipo. Maana amwekaye jirani huku hayuko tayari kuliamini neno lake, huyo hakuweka amana, ametega mtego.

Basi, ndugu, mvua zijapo, mlinzi asijiulize kwanza, "Nitadaiwa nini?" bali, "Je, leo wamekunywa?" Kwa kuwa hata hivyo tuviitavyo vyetu tumewekewa tu, na Mwenyewe atarudi.