Ofisi Mbali, Shule Ziwani

Kutoka Kibirizi kwenda Mwamgongo, na mbele zaidi hadi Kagunga mpakani na Burundi, njia iliyozoeleka ni boti. Shule za huko zimo mikononi mwa afisa elimu wa Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma. Kila nionapo boti hizo zikijaza abiria hujiuliza: kuongoza ni kufanya nini hasa?

Zamani jibu lilikuwa jepesi. Afisa elimu alikuwa na kalamu. Uhamisho, vifaa, fedha, vyote vilipita mezani kwake, na mwalimu mkuu akija mjini alikaa kwenye benchi akingoja kuitwa. Meza hiyo imepunguzwa. Tangu Januari 2016, elimumsingi ilipoanza kutolewa bila malipo, ruzuku hutoka Hazina moja kwa moja hadi akaunti ya shule. Nidhamu ya walimu ina Tume yake ya Utumishi. Wathibiti ubora ni wa Wizara ya Elimu. Afisa elimu mwenyewe ni wa TAMISEMI, chini ya mkurugenzi wa halmashauri. Lakini darasa la saba likifanya vibaya, anayeitwa kikaoni ni yeye.

Je, mtu aweza kuwajibika kwa asichokiamua? Sikio la Mswahili husikia "jibu" ndani ya "wajibu". Wajuao Kiarabu watakwambia hiyo ni mizizi miwili mbalimbali. Mimi nalipenda kosa hilo la sikio: aliyepokonywa amri bado anaweza kubaki na jibu, yaani kujua kwa nini.

Na "kwa nini" haimo kwenye takwimu. Kompyuta ya ofisini itasema watoto kadhaa hawakufika wiki ile. Haitasema kama ilikuwa wiki ya giza, taa za wavuvi zinawaka ziwani usiku kucha na asubuhi kuna dagaa wa kuanika mchangani, wala kwamba mbalamwezi ikirudi wavuvi hupumzika. Asomaye namba tu ataandika "utoro" na kuagiza wazazi washtakiwe. Aliyewahi kulala Kagunga atauliza kwanza mwezi uko wapi. Cheo chao ni kimoja. Kiongozi ni huyu wa pili.

Ila naye hawezi kuogelea hadi huko. Waheshimiwa madiwani, bajeti ya idara ya elimu ikiletwa mbele yenu, anzeni na mafuta ya boti.