"Ni Kweli, Mheshimiwa"

Mtu anaposimama kizimbani akasema, "Ni kweli, Mheshimiwa," wengi huona kwamba kazi ya mahakama imekwisha. Mimi huona kwamba hapo ndipo inapoanza. Neno hilo ni fupi, lakini anayelitamka husalimisha mengi kwa mara moja: haki ya kunyamaza, haki ya kuwahoji wanaomshtaki, na haki, iliyoandikwa katika Ibara ya 13 ya Katiba yetu, ya kutohesabiwa mkosaji mpaka ithibitike. Hata rufaa yake hubaki nusu, kwani aliyekiri mwenyewe kwa kawaida husikilizwa juu ya adhabu tu.

Katika kesi za kodi jambo hili ni gumu kuliko wizi wa kuku. Aliyeiba kuku anajua kwamba kuku si wake. Lakini kutolipa kodi ni jambo moja, na kuikwepa kwa makusudi ni jingine. Mwenye duka aweza kukosea hesabu au kushauriwa vibaya. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Cheek, rubani wa ndege, ilisema kwamba anayeamini kwa moyo safi kuwa sheria haimdai kodi hakukusudia kuivunja, hata kama imani yake ni ya kipumbavu. (Cheek mwenyewe alishtakiwa upya na hakupona.) Basi mtu akisema, "Ni kweli sikulipa," amekiri nini? Amekiri deni. Kosa la jinai hajalikiri bado.

Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu wa jambo hili mwaka 1973 katika shauri la Adan. Shtaka lisomwe na kuelezwa kipengele kwa kipengele, kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Jibu liandikwe, kadiri iwezekanavyo, kwa maneno yake mwenyewe. Kisha mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyokuwa, na mshtakiwa akiyapinga, iandikwe kwamba amekana. Watu wenye haraka huita hayo urasimu. Haraka yao hailipwi na wao.

Tazama yaliyompata Al Capone, yule jambazi wa Chicago. Juni 1931 alikiri kukwepa kodi ya mapato, akitegemea mapatano kwamba angefungwa miaka miwili na nusu. Jaji Wilkerson akatamka kwamba mapatano hayo hayamfungi yeye. Hata hivyo hakumnasa Capone kwa neno lake. Alimruhusu kuliondoa, na kesi ikasikilizwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Oktoba mwaka huohuo alihukumiwa miaka 11 na faini ya dola 50,000. Haki ile ilimgharimu miaka minane na nusu, nami bado nasema alitendewa ipasavyo, kwa sababu alikuwa amekiri kwa kutazamia kitu ambacho hakikuwapo.

Kwetu, Septemba 2019, Rais Magufuli aliwapa washtakiwa wa uhujumu uchumi siku saba wakiri, waombe radhi na kurudisha fedha, kisha siku zikaongezwa. Mwezi huohuo sheria ya mapatano ya kukiri kosa ilipita Bungeni. Sheria yenyewe siilaumu. Inamtaka hakimu ajiridhishe kwamba mtu amekubali kwa hiari, na serikali inapata fedha zake bila kesi ya miaka mingi. Ila wakati huo shtaka la utakatishaji fedha, ambalo liliweza kuandamana na la kodi katika hati moja, halikuwa na dhamana. Mtu aliyekaa mahabusu miaka miwili, biashara imekufa na watoto wamerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, huambiwa kwamba mlango upo. Atakiri. Asiye na hatia naye atakiri, tena pengine upesi zaidi. Sisi walimu tunawajua watoto wa namna hiyo, wanaosema "nimekosa, Mwalimu" kabla hawajaambiwa kosa.

Kwa hiyo ningependa hakimu, kabla hajaandika neno lile, amuulize mshtakiwa swali moja zaidi ya yale ya kawaida: kama usiku wa leo ungelala nyumbani kwako, ungejibu hivyohivyo? Kisha aweke kalamu chini, amngoje.