Kijana wa Miaka 18 na Jina Lisilo Lake



Henbury zamani kilikuwa kijiji nje ya Bristol, Uingereza. Kwenye uwanja wa kanisa la Kianglikana pale kuna kaburi lenye mawe mawili, la kichwani na la miguuni, yaliyochongwa malaika wadogo na kupakwa rangi. Malaika wenyewe ni weusi. Aliyelala hapo ni kijana Mwafrika, mtumishi wa Earl wa Suffolk, aliyefariki tarehe 21 Desemba 1720 akiwa na miaka 18.

Ukiangalia haraka unasema, jamani, walimpenda huyu! Wengi waliokuwa watumwa kama yeye hawakupata hata alama.

Mimi lakini nakwama kwenye jina. Wamechonga Scipio Africanus, yaani yule jemadari wa Roma aliyewashinda watu wa Karthago, huko Afrika Kaskazini, mwaka 202 KK. Mtoto wa Afrika anabebeshwa jina la aliyeshinda vita Afrika! Alivyoitwa na mama yake, jiwe halisemi. Halafu shairi la jiwe la miguuni limeandikwa kana kwamba marehemu ndiye anaongea: alizaliwa mpagani na mtumwa, sasa analala Mkristo, na bwana wake wa duniani ndiye aliyemsaidia akubalike kwa Bwana wa mbinguni. Yaani bwana anashukuriwa kwa kinywa cha mtu asiyeweza tena kumjibu.

Je, huo ni upendo? Nadhani ulikuwepo, maana hakuna aliyelazimishwa kugharamia malaika wale. Ila upendo unaotoa jiwe zuri na kuzuia uhuru una kasoro ambayo jiwe haliwezi kuifunika.

Mtakatifu Josephine Bakhita alitekwa akiwa mtoto mpaka akasahau jina lake. Lakini mwaka 1889, huko Venice, mahakama ilitamka kwamba yu huru. Mwaka uliofuata akabatizwa. Uhuru ulitangulia, na ile "ndiyo" ilikuwa yake mwenyewe. Ya kijana wa Henbury tutaijuaje?

Juni 2020 watu wa Bristol waliiangusha sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara ya watumwa. Mwezi huohuo kaburi hili likavunjwa, ionekanavyo kwa kisasi. Hata huko kaburini akalipishwa deni lisilo lake.

Novemba iliyopita, kwenye karatasi ya kuombea marehemu, nilitaka kumwandika. Kalamu ikasimama. Scipio? Mwishowe niliandika: kijana wa Henbury, Mungu unamjua jina.